Rubani wa Rula

Alikuwapo kijana aliyejua kila kitufe cha Boeing 787 katika mchezo wa Microsoft Flight Simulator, ila ramani kwake ilikuwa picha tu. Siku moja akakusudia kuruka kutoka London hadi Los Angeles. Akafungua ramani ya Mercator, akalaza rula, akapata mwelekeo: digrii 258, magharibi na kusini kidogo. Umbali akausikia kwa wenzake, kilomita kama 8,800. Akajaza mafuta ya kutosha hizo, na akiba ndogo juu yake.

Akaishikilia 258 bila kuyumba. Akavuka Atlantiki, akapita karibu na New York. Hapo alipaswa kushtuka, maana njia ya mkato baina ya miji ile hupita kusini mwa Greenland. Hakushtuka. Mafuta yakamwishia juu ya jangwa la Arizona.

Rula haikumdanganya. Gerardus Mercator aliitoa ramani yake mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia, ili anayefuata pembe moja ya dira aione njia yake imenyooka karatasini. Kwamba njia hiyo ni fupi, hakuahidi. Dunia ni tufe, na juu yake kushika 258 mpaka mwisho ni safari ya kilomita kama 9,700. Njia fupi huanza kwa digrii 312, kaskazini-magharibi, na kuishia 214, kusini-magharibi: pua ya ndege imegeuka karibu digrii 100, na abiria hakuhisi kona hata moja. Kwenye Mercator njia hiyo huonekana upinde mkubwa, ndiyo maana wengi huidhania mzunguko.

Kijana akajifunza hesabu za tufe, akawa hodari, na majivuno hayakukosa. Akajiaminisha kwamba hila zote ziko kwenye safari ndefu. Kwa masafa mafupi rula inatosha. Akahamia DCS World, mchezo wa ndege za kivita, kwenye ramani ya Caucasus. Huko ardhi imetandazwa bapa kwa Mercator iliyolazwa ubavu, na karibu na Kutaisi, nchini Georgia, kaskazini ya miraba ya ramani huachana na kaskazini ya kweli kwa takriban digrii 6. Yeye akapima pembe kwa miraba, akaichukulia kuwa ya kweli. Shabaha ilikuwa kilomita 100 tu mbele. Akatokea kilomita 10 kando, juu kabisa ya mizinga ya kutungulia ndege aliyopanga kuikwepa.