Bibi Mbele ya Kioo

Desemba iliyopita tulitoka Tarime alfajiri, tukavuka mpaka pale Sirari, tukapanda matatu ya Migori, kisha ya Kisumu. Tulikuwa wanne: mama, bibi mzaa mama, mdogo wangu wa miaka tisa na mimi. Mama mdogo ameolewa huko na alikuwa amejifungua. Kwenda Makumbusho ya Kisumu kulikuwa kwa ajili ya mtoto, aliyekwisha kuchoshwa na habari za kichanga.

Makumbusho hayo yalifunguliwa mwaka 1980. Watu hupenda kumtazama simba aliyekaushwa, amewekwa akimrukia nyumbu. Mama alicheka. Watu wa Mara tumevuka mpaka kwenda kulipia nyumbu mfu, wakati wazima wako Serengeti na hatujawahi kupita geti lake.

Bibi hakukawia hapo. Nilimkuta kwenye matangi ya samaki, ameinama, pumzi yake imetia ukungu kioo.

“Furu,” alisema.

Bibi alizaliwa Shirati, kando ya ziwa, wakati Rorya haijatengwa na Tarime. Furu ni samaki wadogo, wengi hawazidi kiganja, na utotoni mwake walikuwa kitoweo cha kila siku. Mimi, kwa ugonjwa wa wanafunzi wa uzamili, nikaanza mhadhara. Nilimweleza mdogo wangu kwamba Ziwa Victoria lilikuwa na mamia ya aina za furu, kwamba wataalamu wanakadiria aina 200 hivi zilitoweka, na kwamba baadhi zimesalia tu kwenye matangi ya Ulaya na Marekani.

Akamgeukia bibi. “Bibi, ni nyinyi mliwamaliza?”

Mama akamkemea. Nami nikaharakisha utetezi: ni sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960 kwa uamuzi wa watu wa ofisini, akatulia miaka mingi, kisha akazaana kupita kiasi miaka ya 1980 na kuwala furu. Ongeza uchafu ulioingia ziwani. Bibi hakuhusika.

“Mwache aulize,” bibi alisema. “Tuliwala. Tulivuta kokoro na kaka zangu, tunazoa hata wa ukubwa wa kucha. Wengine walioza mchangani.” Kisha akanitazama mimi, si mtoto. “Wewe unanitoa humo kama vile sikuwepo.”

Muhula ule tulikuwa tumesoma kwamba mtu hawajibiki kwa jambo ambalo hakulijua wala hakuwa na uwezo wa kulichagua. Kwa kipimo hicho bibi hana kosa. Binti mwenye njaa anayevuta kamba ya wavu hawezi kugawana lawama sawa na ofisi inayopandikiza samaki mgeni katika ziwa zima. Bado naamini hivyo. Lakini nikiutazama utetezi wangu, naona walibaki humo maofisa, wataalamu na samaki. Mtu pekee kati yetu aliyejua furu wana ladha gani, na mwezi gani wanasogea ufukweni, nilimsafisha mpaka akafutika.

Nina mjomba upande wa Mugumu aliyewahi kufungwa kwa nyama ya nyumbu. Katika semina zetu mtu kama yeye ni jangili, au ni maskini asiyekuwa na njia nyingine. Mwenyewe hakubali lolote kati ya hayo. Husema sheria aliijua, na kwamba jike mwenye mimba hakumgusa hata siku moja, kwa sababu hilo lilikuwa baya kabla hata hajasikia habari za hifadhi. Anayesema hivyo anadai kuhukumiwa kama mtu mzima, na sijui darasa langu lingempa kiti gani.

Mchana tulikula kwenye vibanda karibu na maji. Bibi aliagiza ngege, akaletewa sato. Sato naye aliletwa, na ngege wa asili karibu atoweke ziwani. Jina lake ndilo lililobaki, wakapewa wengine.

“Huyu si ngege.”

“Ni ngege, mama,” muuzaji alijibu, akaenda zake.

Mdogo wangu hakugusa sahani. Aliuliza kama na hawa wataisha. Bibi akaanza kumchambulia miiba, nami nikaona ni wakati wa kusema kilichokuwa kikinisumbua tangu makumbusho: kwamba mnyonge akiungama, wakubwa hufurahi, kwa sababu mzigo wote humshukia yeye na wao huondoka wepesi.

Alimaliza upande mmoja wa samaki kabla ya kunijibu.

“Kwani nimesema nilikuwa peke yangu?” Akamsogezea mtoto sahani. “Hebu nipe chumvi.”