Swali la Malaika Jangwani

Somo: Mwanzo 16, 1–14



Hajiri aliteswa na bibi yake, akakimbilia jangwani. Katika sura hii Abramu na Sarai hawamtaji kwa jina. Kwao yeye ni mjakazi tu. Bali malaika wa Bwana alipomkuta penye chemchemi alimwita kwa jina lake, akamwuliza mambo mawili: alikotoka, na anakokwenda.

Wenye hekima wa dunia wamezoea kuuliza la pili tu. Hunena ya kuwa historia ni njia ipandayo mlima: jana ni giza, kesho ni nuru, naye achelewaye hana budi kusukumwa. Hegel, mwalimu mkuu wa Berlin aliyekufa mwaka 1831, aliwafundisha wanafunzi wake ya kwamba Afrika haina historia. Naye alikuwa Mlutheri kama sisi. Basi tusidhani kosa hilo ni la wapagani peke yao. Mtu akihesabiwa kuwa hana alikotoka, ni rahisi kumpeleka popote.

Watu wa Kibondo na Kasulu wayajua hayo. Zamani Waha walikaa mbalimbali, kila mtu na mji wake na migomba yake. Katika miaka ya 1930 serikali ya Waingereza iliwakusanya wengi katika makazi mapya kwa ajili ya malale. Mwaka 1972 ilianza Operesheni Kigoma, watu wakahamishwa tena, waingie vijiji vya ujamaa. Na neno lililotajwa ni maendeleo. Tusiseme uongo: malale yaliua kweli, na shule na zahanati ni vipawa vya Mungu. Lakini ni nani aliyemwuliza mzee ameacha nini nyuma, na makaburi ya baba zake yako wapi?

Kisha wakaja wakimbizi: Warundi mwaka 1993, Wakongo waliopokewa Nyarugusu mwaka 1996, na Warundi tena mwaka 2015. Hao nao waliandikwa kwa hesabu, maelfu kwa maelfu. Mungu hahesabu hivyo.

Angalieni sasa jibu la Hajiri. Alikotoka alikujua, akasema kweli. Anakokwenda hakuweza kusema neno. Bwana mwenyewe ndiye aliyemwonyesha, tena hakumficha taabu iliyo mbele. Basi mwisho wa historia ni siri ya Mungu. Yeyote ajidaiye kuujua, akawaburuta wenzake kwa ajili yake, ameketi katika kiti kisicho chake.

Yatupasa nini? Enyi wazee, waonyesheni watoto mahame ya zamani, mwaeleze pasipo kuficha. Nawe, mgeni akibisha hodi mlangoni pako, usianze kumwuliza atarudi kwao lini. Mwulize kwanza jina lake na alikotoka, kisha umpe maji. Hajiri aliita Bwana kwa jina la Mungu aonaye. Yeye atuonaye sote na atufundishe kuonana. Amina.