Mkono wa Kwanza ni wa Nani?

Yafaa tujiulize: mtu achezapo vile alivyofundishwa, anayecheza ni yeye au ni mwalimu wake? Swali hili hatukulipata kitabuni. Tulilipata chini ya mwembe.

Huko Kibaoni, katika bonde la Kilombero (na jina lenyewe limebeba bao ndani yake), tulijifunza bao la Kiswahili tungali vijana, mpunga ukishavunwa. Kete ni 64, mashimo 32. Mchezo uanzapo, kila mchezaji ana kete sita katika nyumba, mbili mbili katika mashimo mawili ya kuliani kwake, na 22 mkononi. Kwa mpango huo hakuna kete zinazokabiliana. Basi wa kwanza hana la kula, atatakata tu. Akilianza shimo lililo jirani na nyumba na kusambaza kulia, kete zake zaelekea pembeni hadi safu ya nyuma, ziko salama. Akisambaza kushoto, zavuka nyumba, na mbili zasimama uso kwa uso na kete za mwenzake, naye mwenye la kula hana hiari, lazima ale.

Mzee wetu alikwenda kulia siku zote. Nasi tukaenda kulia, tukawashinda vijana wenzetu, tukajiona mabingwa. Siku ya mashindano, mgeni mmoja akatujibu kwa mkono tusiouzoea. Tukaduwaa. Nyumba yetu ililiwa kete za mkononi zikali nyingi.

Wapo wasemao kwamba kukariri ni utumwa wa akili. La hasha. Wachezaji wa sataranji hujifunza mianzo ya kale. Padri Mhispania Ruy López alitoa kitabu chake mwaka 1561, na mwanzo uitwao kwa jina lake ungali unachezwa, wala hatujasikia bingwa akiitwa mwizi kwa kuutumia. Kosa letu halikuwa kupokea. Tuliupokea mkono, hatukuipokea sababu yake, wala hatukuidai.

Tulimrudia mzee, tukamwuliza: kwa nini kulia? Akafikiri kitambo, akasema kwamba ndivyo alivyowakuta wakubwa wake. Tulikasirika, leo twamheshimu zaidi, maana si kila mwalimu awezaye kuungama hivyo mbele ya watoto. Kisha akazipanga kete upya, akasambaza kushoto, akatungoja.