Bunduki ya Karatasi Inaua Nini?

Mwaka jana vijana wa kikundi chetu hapa Mantapala waliamua kutengeneza filamu fupi. Hadithi ilikuwa ya watu wanaokimbia dunia na kwenda kuomba hifadhi kwenye nyota nyingine, na wakifika kule wanaambiwa wapange foleni. Tuliandika huku tukicheka, juu ya foleni tunaijua. Kamera ilikuwa simu moja yenye kioo kilichopasuka. Kitu kimoja tu kilikosekana: silaha ya askari wa ile nyota.

Kijana mmoja wa miaka 15 akasema, "Yaya, mi nitaifanya."

Aliifanya kwa wiki tatu, nyumbani kwao. Alikata makaratasi magumu ya maboksi, akayapanga tabaka sita kwa gundi ya uji wa muhogo, akayakandamiza chini ya mawe siku mbili mpaka yakawa magumu kama ubao. Mdomo wa bunduki ulikuwa kipande cha bomba la plastiki. Vifungo vilikuwa vifuniko vya chupa. Ndani aliweka balbu ndogo ya taa ya sola iliyokufa, ili ikibonyezwa iwake. Rangi alipata kwa unga mweusi wa betri za zamani, ule ule tunaopaka kwenye ubao wa shule. Mwisho alisugua penseli kwenye kingo zote, na hapo karatasi ikawa chuma. Kweli kabisa, ungeapa kwamba ni chuma kilichoshikwa na mikono mingi.

Alipoileta mara ya kwanza, kabla ya ile penseli, mimi njo nilimwambia: "Nzuri, lakini bado inaonekana ya mchezo. Ifanye kama ya kweli." Nataka msomaji akumbuke hilo neno langu.

Siku ya kurekodi alitoka kwao nayo mkononi, akapita njia ya bomba la maji. Ilikuwa asubuhi, wamama wako kwenye foleni na ndoo zao. Kambo mmoja, mama mzee tunayemheshimu sana, aliinua macho akamwona kijana mwenye bunduki akitokea kwenye miti. Hakupiga kelele. Alilala chini, kifudifudi, mikono juu ya kichwa, vile mtu analala akiwa ameshawahi kufanya hivyo. Ndoo yake ilimwagika juu yake. Watoto wawili wakakimbia. Wengine wakaanza kukimbia juu waliona watoto wanakimbia.

Nilifika mbio. Nilimnyang'anya kijana ile bunduki, nikaikanyaga mbele ya watu wote mpaka ikavunjika. Watu walinisifu. Kijana hakulia. Aliokota balbu yake, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Yaya, na kama ingekuwa panga? Ungelivunja nalo?"

Sikuwa na jibu. Haya ninayoandika ni kutafuta jibu.

Kuna jibu jepesi la upande mmoja: karatasi haiui. Haina risasi, haina baruti, mvua moja ingeimaliza. Kama hakuna aliyeumia, kosa liko wapi? Lakini hapa tujiulize kazi ya bunduki ni ipi. Wengi wetu tuliovuka kutoka Pweto, Moba na vijiji vya kule tangu mwaka 2017 hatukupigwa risasi. Tulionyeshwa bunduki. Mtu mwenye silaha alisimama mlangoni, na hiyo ilitosha tuache nyumba, mbuzi, na muhogo ulioanikwa. Bunduki inafanya kazi mbili: inapiga, na inaonekana. Ya karatasi haiwezi ile ya kwanza. Ya pili inaiweza kabisa, na kadiri fundi anavyokuwa hodari, ndivyo inavyoiweza. Kambo hakulazwa chini na karatasi. Alilazwa na ustadi wa yule kijana, na neno langu la "ifanye kama ya kweli".

Kuna jibu jepesi la upande wa pili: basi tukataze. Kambini kusiwe na kitu chochote chenye sura ya silaha. Hapo swali la panga linanikamata shingo. Katika vita vya jimbo la Tanganyika kati ya Waluba na Watwa, mishale na mapanga yalimaliza watu pia. Lakini panga liko kila nyumba hapa. Tunakatia kuni, tunafyekea shamba, mtoto anatumwa kulileta. Hakuna anayelala chini akiliona. Si kwamba panga halina damu. Ni kwamba panga lina kazi nyingine kila siku, na ile kazi ya kila siku imefunika kumbukumbu kidogo kidogo. Bunduki kwetu haina kazi ya pili. Hatujawahi kuiona ikilima.

Je, inaweza kupewa kazi ya pili? Wako watu waliojaribu.

Kule Wakaliga, mtaa wa hali ya chini wa Kampala, Isaac Nabwana na wenzake wanatengeneza filamu za mapigano kwa pesa kidogo sana. Ile iliyowapa jina duniani ni Who Killed Captain Alex?, ya mwaka 2010. Fundi wao, Dauda Bisaso, anaunda bunduki kubwa kubwa kwa vyuma chakavu na mabomba. Uganda ni nchi iliyoijua bunduki ya kweli, wakati wa Amin na baada yake. Lakini katika filamu hizo watu wanakufa kwa fujo na watazamaji wanacheka mpaka machozi. Kile kilichowatisha wazazi kimegeuzwa kuwa kitu cha watoto kuchekea. Siwezi kusema hiyo ni dhambi.

Na bunduki za nyota, zile kijana wetu alizipenda, nazo zina ukoo. Walipotengeneza Star Wars, iliyotoka mwaka 1977, silaha nyingi hazikubuniwa kutoka hewani. Bastola ya Han Solo ilijengwa juu ya Mauser, bastola ya Kijerumani ya miaka ya 1890. Zile za askari weupe zilijengwa juu ya Sterling, bunduki ya jeshi la Uingereza. Mafundi waliongeza mabomba na darubini, na vita vya zamani vikageuka vita vya kesho. Lakini upanga wa mwanga wa Luke, mpini wake ulikuwa mshikio wa taa ya kamera ya zamani, kamera ya waandishi wa habari. Mimi hilo linanifurahisha sana. Kwenye meza moja, fundi mmoja alichukua kitu cha kuua akakifanya mchezo, na mwingine alichukua kitu cha kuangazia akakifanya silaha. Maana ya kitu haiko ndani ya kitu peke yake. Mikono ya mtu inaweza kuisogeza.

Wengine waliisogeza mbali zaidi. Msumbiji, baada ya vita kuisha mwaka 1992, Baraza la Wakristo lilianza mwaka 1995 kazi ya kukusanya silaha: unaleta bunduki, unapewa jembe, baiskeli au cherehani. Bunduki zilikatwa vipande na wasanii wakavichukua. Mmoja wao, anayeitwa Kester, mwaka 2001 alitengeneza kiti cha enzi kwa vipande hivyo, na leo kiko makumbusho ya London. Kwetu Kongo, Freddy Tsimba wa Kinshasa anaunganisha maganda ya risasi zilizopigwa na kuunda miili ya watu. Huyu hafichi kwamba ni maganda ya risasi. Unaona mwili wa mama, ukisogea unaona ulitengenezwa na kile kilichoua wamama.

Basi kama hao wote hawakukosea, kwa nini sisi tulikosea? Nimefikiri sana, na naona tofauti haiko kwenye karatasi wala kwenye chuma. Iko kwenye mapatano. Mtu anayeingia kibandani kutazama filamu ya Wakaliga amekubali kuona bunduki. Anayesimama mbele ya kiti cha Kester anajua amekuja kutazama nini. Mchezo ni mapatano: mimi najua si kweli, na wewe unajua kwamba najua. Kwenye bomba la maji hakukuwa na mapatano. Kambo alikuja kuchota maji. Hakuna aliyemuuliza kama anataka kuingia kwenye filamu yetu, na tulimwingiza kwa nguvu.

Angalieni magari ya mashirika yanayopita hapa. Mengi yana picha ya bunduki mlangoni, nyeusi kabisa, imekatwa na mstari mwekundu. Watoto wetu wanaiona kila siku na hakuna anayekimbia. Ni bunduki, lakini ule mstari umeshasema kila kitu kabla hujauliza. Marekani sheria inataka bunduki ya kuchezea iwe na ncha ya rangi ya machungwa, ili nayo iseme. Mwezi wa Novemba 2014, mjini Cleveland, mtoto wa miaka 12 alikuwa na bunduki ya kuchezea isiyo na ile ncha. Polisi alifika, na mtoto akapigwa risasi akafa. Kwa hiyo ile ya kuchezea inaweza kuua hata mwenye kuishika, kupitia macho ya mwingine.

Wazee wanasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mara nyingi tunasema methali hii tukimcheka anayeshtuka: ni ung'ongo tu, bwana. Mimi sasa naisikia kwa upande mwingine. Kama ung'ongo ulianguka wenyewe njiani, sawa, tumtulize mwenzetu. Lakini kama mtu aliuchukua, akausuka, akaupaka rangi ya nyoka, akauchorea macho, akausifia, kisha akaupitisha mahali ambapo nusu ya watu waliumwa, huyo hawezi kusema "ni ung'ongo tu". Sifa aliyoitafuta ndiyo kosa lake. Alitaka uonekane nyoka, na umeonekana.

Na mimi nina kosa la pili. Nilipoikanyaga ile kazi ya wiki tatu mbele ya watu, nilimfanyia kijana kile kile ambacho bunduki inafanya. Nilimwonyesha nguvu ili wengine waone. Haikumponya Kambo. Ilinisafisha mimi. Ningekuwa mkweli ningesema mbele ya ile foleni: mimi njo niliyemwambia aifanye kama ya kweli. Sikusema.

Baada ya siku nne tulikwenda kwa Kambo, mimi na kijana. Nilianza na kosa langu mwenyewe, kisha yeye akasema la kwake. Kambo alisikiliza huku anachambua maharagi. Akamuuliza kijana: "Ile kitu yako ilikuwa inapiga nini?"

"Mwanga, Kambo. Mwanga tu."

"Mwanga tu?" Alicheka kidogo. Kisha akaacha maharagi. "Mi nimekusamehe, mwana. Ufanye ingine ukitaka. Lakini usiipitishe kwa mulango yangu."

Kijana aliitengeneza nyingine. Ni ya njano na buluu, ina mabawa ya makopo, haifanani na kitu chochote cha duniani hii, na mimi naona ni nzuri kuliko ile ya kwanza. Inakaa kwenye sanduku, kwenye kibanda cha vijana. Kabla ya kurekodi, mmoja anapita nyumba za karibu na kusema: leo kuna mchezo, kutakuwa na silaha ya uongo, anayetaka kuiona na kuishika aje, asiyetaka tutakuwa upande wa shule mpaka saa kumi.

Sisemi tumemaliza swali. Mtoto wa miaka mitatu hawezi kukubali mapatano, na hatujui anabeba nini usingizini. Kuna watu ambao hata mwanga wa njano hautawatuliza. Na kuna vijana ambao, tukiwakataza kila kitu chenye sura ya vita, watakuwa na vita hivyo ndani bila mahali pa kuviweka.

Kwa ndugu zetu wa mashirika mnaosoma hapa: mkiona mtoto ana bunduki ya karatasi, msiulize tu kama ni silaha. Muulize nani anaiona, na kama alikubali kuiona. Kwa vijana wenzangu: mikono yenu ni hodari, msiache kutengeneza. Jueni tu kwamba anayetengeneza sura ya kitu anachukua na sehemu ya kazi ya kile kitu.

Kambo bado anapita njia ile ile ya bomba. Akifika karibu na kibanda chetu anazunguka kwa nyuma, hata siku ambazo sanduku limefungwa. Tunamwona, na tumekubaliana kwamba hakuna atakayemwambia asiogope.