Kupenda na Kukosoa

Dirisha la usajili likifunguliwa, vijiwe vya soka vya Lushoto na Soni, milimani Usambara, kando ya matenga ya nyanya, hugeuka kamati za ufundi: beki wa kushoto akipanda hashuki, mshambuliaji mpya umri umemtupa mkono. Je, anayeikosoa hivi timu yake anaipenda kweli? Naamini anaipenda kuliko msifiaji. Mshambuliaji Fiston Mayele alipoondoka klabu ya Yanga mwaka 2023, wapo waliohofia timu imekwisha. Msimu uliofuata ikatwaa tena ubingwa. Wachezaji hupita, klabu iliyoanzishwa 1935 hubaki. Anayependa kinachodumu ana haki, tena wajibu, wa kumpima kila apitaye.

Nitapingwa hivi: sauti ya mlimani haifiki Jangwani kwa Yanga wala Msimbazi kwa Simba, basi ubishi huo ni kelele tu. Hoja hiyo inachanganya mamlaka ya kuamua na uwezo wa kupambanua. Asiyesajili bado anaweza kuona pengo. Simba ilipopoteza fainali ya Kombe la Shirikisho mbele ya RS Berkane mwaka 2025, sifa tupu zisingeziba pengo lolote. Uaminifu unaokataa kuona udhaifu ni woga tu, hata ukivaa jezi.