Ahadi Isiyo na Hakimu

Ndugu msomaji, huenda umejiuliza: je, mataifa yaweza kufungamana kwa ahadi juu ya maskini, ilhali hakuna hakimu wa kuyaadhibu yakiivunja? Tutazame yaliyotendeka Ulaya.

Mwezi Machi 2000 wakuu wa nchi 15 za Umoja wa Ulaya walikutana Lisbon, nchini Ureno, wakaafikiana kuupiga vita umaskini na hali ya watu kutengwa na jamii. Lakini sheria za posho, pensheni na makazi zilibaki mikononi mwa kila serikali. Basi wakachagua njia nyingine: malengo yawe mamoja, kila nchi iandike mpango wake, kisha jirani zake wausome. Fimbo yao ilikuwa haya tu.

Mwaka 2001 walikubaliana vipimo. Aliye katika hatari ya umaskini ni yule ambaye mapato yake hayafiki asilimia 60 ya mapato ya mtu wa katikati nchini mwake. Kipimo hiki kina maana njema, kwani chakiri kuwa mtu aweza kula akashiba na bado akashindwa kuishi kama wenzake. Hata hivyo kina kasoro. Nchi nzima ikididimia, mstari nao hushuka. Ndipo fukara huhesabiwa kuwa ameokoka, na sahani yake i vile vile!

Mwaka 2010 waliahidi kwamba ifikapo 2020 watu wasiopungua milioni 20 wangetolewa katika hatari ya umaskini au kutengwa. Kila nchi iliachiwa kujichagulia fungu lake, hata na kipimo chake. Ujerumani, kwa mfano, ilichagua kupunguza idadi ya waliokaa muda mrefu bila kazi. Mafungu yote yalipojumlishwa hayakufika milioni 20. Yafaa utue hapa, msomaji: ahadi ilipunguka mapema hivyo, kabla kazi haijashika kasi. Mwaka 2020 ulipofika, haikuwa imetimia, wala hakuna serikali iliyotozwa hata senti moja.

Wako wasemao kwamba basi mpango wote ulikuwa porojo. Sisi hatuoni hivyo. Serikali inayowahesabu maskini wake kwa kipimo cha jirani haiwezi tena kujificha nyuma ya hesabu yake yenyewe. Kosa liko kwingine: haya humshika mtu mbele ya yule anayemdai, na hesabu hizi zilisomwa zaidi na mawaziri na wataalamu.

Mwezi Mei 2021, mjini Porto, lilikubaliwa lengo jipya: watu milioni 15 ifikapo 2030, na kati yao watoto wasiopungua milioni 5. Je, ni wangapi katika watoto hao, au wazazi wao, walioambiwa kwamba wanadai?