Kuacha na Kuachia

Kando ya barabara inayotoka Singida mjini kuelekea kaskazini, kabla hujafika Ilongero, kuna jiwe kubwa lenye mgongo bapa, moja kati ya miamba ile ya kijivu ambayo Singida imejaaliwa kama wengine walivyojaaliwa mito. Mwaka juzi, alizeti zikiwa zimevunwa na mabua yamebaki makavu mashambani, nilikuta baiskeli juu ya jiwe hilo. Urefu wake haukuzidi kiganja. Fremu ilikuwa ya waya. Magurudumu yalikuwa vizibo vya soda, vimebanwa viwili viwili uso kwa uso. Aliyeipanda alikuwa gunzi la hindi lililokatwa nusu, mikono yake vijiti vya bua la alizeti. Nyuma, kwenye keria, kulikuwa na kipande cha ndala ya njano kilichochongwa umbo la dumu na kufungwa kwa mpira uliochanwa kutoka kwenye tyubu. Mtu yeyote wa huku angelitambua dumu lile: ni mafuta ya alizeti, yanapelekwa kuuzwa.

Hatua chache kutoka hapo mama mmoja alikuwa amepanga madumu yake, ya kweli. Nilimwamkia, kisha nikamuuliza baiskeli ile ni ya nani.

"Ya njia," alisema. "Nimeikuta asubuhi. Ukiitaka ichukue, mwanangu. Usipoitaka, iache na atakayekuja aione."

Sikuichukua. Jibu lake nililichukua, na nimetembea nalo tangu siku ile. Ya njia. Hakusema ni takataka, wala hakusema ni ya mtoto fulani aliyeisahau. Aliiangalia akajua kwamba imewekwa. Alijuaje? Nadhani alijua kama mimi nilivyojua: baiskeli ilikuwa imesimama wima, na chini ya kila gurudumu kulikuwa na kijiwe kidogo cha kuizuia isisukumwe na upepo. Upepo wa Singida hauna mchezo. Aliyeiweka aliufikiria, na mtu anayetupa kitu hafikirii upepo.

Kiswahili kinanisaidia hapa. Tuna kutupa, tuna kusahau, tuna kuacha. Kisha tunaingiza irabu moja tu, na kuacha kunakuwa kuachia. Irabu hiyo inamwingiza mtu ndani ya kitenzi. Nikisema nimeacha chakula, huenda nilishiba. Nikisema nimemwachia chakula, basi kuna mtu ninayemngoja hata kama hayupo. Kuachia kuna maana ya pili pia, ile ya kulegeza mkono: achia kamba, niachie nguo yangu. Sijui lugha nyingine inayozifunga maana hizo mbili katika fundo moja namna hii, na sitaki kuzifungua. Kumwekea mtu kitu kwa dhati, na kukilegeza kabisa mkononi mwako, pengine ni tendo lile lile.

Lakini baiskeli ile aliachiwa nani? Wapita njia. Wageni. Neno letu mgeni linambeba mtu usiyemjua, na linambeba pia aliyebisha hodi na kukaribishwa. Asiyefahamika na anayeandaliwa mkeka wanaitwa jina moja. Aliyeitengeneza baiskeli ile alikuwa mwenyeji wa watu ambao hatawaona. Aliwatandikia jiwe akaondoka.

Na vitu alivyotumia vilikuwa vimetoka kwa wageni vilevile. Soda ilinywewa na mtu, kizibo kikaanguka. Ndala ilikatika mguuni kwa mtu, waya ukabaki pembeni fundi alipomaliza kufunga uzio. Tunayo dharau fulani kwa vitu vya kuokota, hata katika usemi: mtu akitaka kukishusha kitu thamani husema ni cha kuokota. Mimi naona kuokota kuna unyenyekevu ambao kununua hakuna. Anayenunua amechagua. Anayeokota amepewa na watu wasiojua kwamba wametoa, na kazi ya mikono yake inaanza na kupokea.

Haya si mambo mapya katika nchi hii ya kati. Katika mkoa jirani wa Dodoma, huko Kolo, wilaya ya Kondoa, watu wa kale walichora juu ya miamba kwa udongo mwekundu wenye kutu ya chuma: twiga, pofu, tembo, watu warefu wembamba wenye vichwa vya duara. Mary Leakey alikaa huko miezi kadhaa mwaka 1951 akiinakili michoro hiyo, na mwaka 2006 UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Profesa Fidelis Masao alichunguza michoro ya Kondoa pamoja na ile ya mkoa wetu wa Singida, akaona yanayofanana. Rangi waliokota. Ukuta waliukuta. Hakuna aliyeandika jina. Sidai kwamba walituchorea sisi. Huenda walimchorea mvua, au mgonjwa, au roho ya mnyama, na penye mwamba wa Mongomi wa Kolo watu bado wanakwenda kufanya matambiko. Ila wao walilegeza mkono, na sisi ndio wageni tuliofika.

Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, naye alitumia vitu vya karibu: vipande vya mbao za dari na rangi inayong'aa ya kupakia baiskeli. Lakini picha zake aliziuza, na ni haki yake, kwa sababu alikuwa na nyumba ya kulisha. Simlinganishi na mtu wa jiweni ili mmoja ashinde. Nasema tu kwamba picha iliyouzwa imeshapata jibu. Mnunuzi ametoa fedha, amesema ndiyo. Baiskeli ya juu ya jiwe haitapata jibu kamwe, na aliyeiweka alilijua hilo alipokuwa akivitafuta vile vijiwe vya kuzuia magurudumu. Hapo ndipo napaona pagumu, na ndipo ninapopapenda.

Kuna swali ambalo halikwepeki: je, si uchafu huo? Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini, na aliyeyaona mashamba yetu kabla ya hapo, mifuko imenasa kwenye kila mti wa miiba, anajua kwa nini. Kukiokota kipande cha plastiki, kukichonga na kukirudisha nje si kusafisha. Nimelipima jambo hili kwa muda mrefu na sina namna ya kulizunguka. Kwangu mimi, ninapotengeneza vyangu, nimeamua kutumia vile tu ambavyo ardhi itavila au mnyama anaweza kuvila salama: gunzi, bua, udongo, nyuzi za mkonge, mbegu. Najua nikifanya hivyo naikosa ile njano ya ndala, na ile njano ndiyo iliyonisimamisha.

Niliporudi baada ya wiki mbili, baiskeli ilikuwa imelala ubavu. Mbuzi alikuwa amemtafuna mwendeshaji. Alama za meno zilibaki kwenye kipande cha gunzi. Dumu halikuwepo. Sikusikitika kama nilivyotegemea. Mbuzi naye alipita njia, akakuta kilichowekwa, akakipokea kwa namna anayoijua. Unapomwachia yeyote huwezi tena kusema nilimaanisha wewe, si yule.

Tangu siku ile nimeweka vitu vitano kandokando ya barabara hiyo. Kile cha kwanza nilijificha nyuma ya mti, nikakaa karibu saa nzima nikingoja nione uso wa atakayekiokota. Alikuja mwanafunzi wa shule ya msingi, akasimama, akakigusa kwa kidole, akaenda zake. Nilirudi nyumbani nikiwa na deni lisilolipika, kana kwamba nilimdai mtoto yule kitu asichokopa. Kile cha tano kilikuwa ndege wa gunzi mwenye mabawa ya maganda ya alizeti. Nilimsimamisha juu ya jiwe lile lile, nikamwekea vijiwe viwili miguuni, nikashuka barabarani. Nyuma yangu nikasikia bodaboda ikipunguza mwendo, kisha ikazimwa. Nilikaza macho Ilongero nikaendelea kutembea.